Maiti wa Mfano

Kasiani alikufa mara moja kwa ajili ya Serikali, akiwa mzima wa afya na tumbo limeshiba. Najua alishiba kwa sababu asubuhi ile alikula kwangu, na chungu alikirudisha kimekombwa. Wazee wa Temeke ukiwatajia Kasiani watakuuliza, Kasiani yupi? Sema Marehemu, hapo watakwambia, aa, Marehemu! Yule mpangaji wa yule Mhaya mkali. Mhaya mkali ndiye mie, Genoveva, na sioni haya kusema hivyo.

Alikuwa Mnyamwezi kutoka upande wa Tabora, kuli wa bandarini, mrefu mpaka mlangoni kwangu anainama. Jumapili kanisani aliimba kwa sauti ya kumfunika padri, na akitoka nje hana jipya isipokuwa mdomo. Lo, mdomo ule! Na Wazaramo hawakuweza kumfanya kitu, kwa sababu Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya pembe. Kasiani aliingia nyumba ya mtu, akafunua sufuria jikoni, akala nyama akaacha mchuzi, akamwambia mwenye nyumba, "Mkeo hajui kupika, ndiyo maana umekonda." Mwenye nyumba anacheka. Nikisema mie neno hilohilo, shauri linapelekwa kwa Jumbe. Na kwenye msiba ndiyo usiseme: mtani analala kwenye kitanda cha marehemu, anaigiza alivyokuwa akitembea, anaziba njia ya kaburini mpaka apewe kitu. Alichotwaa mtani hakidaiwi. Ukimkasirikia, wewe ndiye mwenye kosa.

Basi. Ilikuwa baada ya vita vya pili, Mwingereza bado yupo, na nyumba zetu za Temeke zote paa la makuti. Mtaa mmoja huko ng'ambo ya mji, mama mmoja alisahau mafuta jikoni, safu nzima ikateketea kabla maji hayajafika. Serikali ikashtuka. Ikaleta Mzungu wa kuwafundisha majumbe namna ya kuukinga moto kabla haujaja. Jina lake lilitushinda kulitamka, lakini kila aendako alikuwa na ndoo nyekundu yenye mchanga, hata akialikwa chai. Tukamwita Bwana Ndoo.

Jumbe wetu alikuwa Kondo, Mzaramo, mtu mwema, mwoga wa Wazungu na mwoga zaidi wa mkewe. Alikwenda mjini kusomeshwa pamoja na majumbe wenzake wa Ilala, Magomeni na kwingineko. Alipotoka nyumbani alikuwa Kondo wetu wa kawaida. Aliporudi alikuwa na filimbi shingoni na mwendo mpya, wa kunyoosha miguu, na kila alichokiona alikiita hatari. Jiko ndani ya nyumba, hatari. Kibatari, hatari. Mzee anayevuta kiko barazani, hatari kubwa. Akaja kwangu akamkuta paka wangu kalala pembeni ya mafiga, akasimama kumtazama kwa muda mrefu.

"Bibi Genoveva," akasema, "paka huyu mkia ukishika moto atakimbilia darini. Paka ni hatari."

"Jumbe," nikamwambia, "paka huyu ana akili kukushinda. Yeye hajaenda kusoma na hajawahi kuungua."

Akapiga filimbi kidogo, akaenda zake.

Tungecheka mpaka leo kama si lile neno alilotuletea mwisho. Bwana Ndoo atapita mitaani kuwajaribu majumbe aliowafundisha. Mtaa utakaofaulu utaachiwa makuti yake. Utakaoshindwa utaezuliwa, nyumba baada ya nyumba, na kila mtu aezeke bati. Bati! Dukani kwa Taiyeb tulikuwa tunapita tukiyatazama mabati yale kama tunavyotazama magari, tunasema mashallah tunaendelea na safari. Nyumba yangu niliijenga kwa maandazi. Nilitoka Bukoba na watu nisioelewana nao nyuma yangu, nikakanda unga alfajiri miaka na miaka, mpaka nikawa na kuta zangu na mlango wangu. Duniani hapakuwa na mahali pengine ambapo hakuna mtu angeniambia ondoka. Sasa hayo yote yako mkononi mwa Kondo na filimbi yake. Usingizi ulinikimbia.

Akaita mkutano barazani kwake, wake kwa waume.

"Bwana Ndoo kasema," Jumbe akaanza, "atakuja kutazama tukizima moto wa mfano."

Mzee Sadallah, mkubwa wa wazee wa msikitini, akauliza, "Moto wa mfano ndiyo moto gani?"

"Ni moto usiokuwepo."

"Tutauzima kwa nini?"

"Kwa maji."

"Maji ya mfano?"

"La, mzee. Maji ya kweli. Kila mtu na debe lake."

Sadallah akawageukia wenziwe. "Nyie mmesikia. Tuteke maji kisimani, yaliyopo, tukamwagie moto usiokuwepo."

"Na mbiu itapigwa," Jumbe akaongeza.

"Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo," Sadallah akasema. "Hii yako italia ina nini?"

Jumbe akafuta jasho. Nilimwonea huruma, halafu nikakumbuka nyumba yangu, huruma ikaisha. Akasema kwa sauti ndogo, akitazama chini, "Tena anatakiwa maiti."

"Wa mfano?"

"Wa mfano. Atolewe kwenye nyumba inayoungua. Kwa mfano."

Hapo baraza lilichafuka. Wanawake walipiga mayowe, wanaume walisimama. Uchuro! Huyu Jumbe anatuletea uchuro! Nani alale chali aliliwe na huku anapumua? Malaika wa mauti akipita akakuta kazi imeshaanzwa, si ataimaliza? Na nyumba ya nani iitwe inaungua? Ukiita moto unaitika. Mkewe Jumbe mwenyewe akasimama akasema, nyumba hii haitaungua kwa mfano wala kwa kweli, na wewe Kondo ukijilaza hapo kama maiti, wallahi nakaa eda na nikimaliza naolewa.

Jumbe akakaa chini. "Basi wataezua," akasema. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na wote tulijua ni kweli.

Ndipo Kasiani akatokea, anarudi kazini, ana vumbi la katani mpaka kwenye nyusi. Akapita katikati ya wazee, akamvua Jumbe kofia akaivaa yeye.

"Mbona mmenuna hivi?" akauliza. "Kafa nani?"

"Hajafa mtu," akasema Sadallah. "Ndiyo shida yenyewe."

Nikamwona Jumbe anainua kichwa polepole. Nikawaona wazee wanatazamana. Uchuro ni uchuro ukifanywa na wenyewe. Lakini mtani! Mtani ndiyo kazi yake kuigiza kifo, tangu babu na babu, na hajadhurika hata mmoja.

"Kasiani, mtani wangu," Jumbe akasema, "utatufia?"

Kasiani akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema, "Nitawafia. Lakini niwe maiti mwenye haki zake zote za utani."

"Zote!" Jumbe akapaza sauti. Hakuuliza zote ni zipi.

Ikabaki nyumba. Wazee wakanong'onezana, wakakata shauri kwamba mtani hufa kwake, na kwake Kasiani ni kwangu. Nikaruka. Nikawaambia maneno ambayo padri hayajui. Mzee Sadallah akanituliza kwa adabu zote: "Bibi Genoveva, nyumba yako haitaungua. Kitaungua chumba cha mpangaji tu, nacho kwa mfano." Nikafikiri usiku kucha. Nikikataa, makuti yanashuka. Nikikubali, yanabaki. Nikakubali, huku roho inaniuma.

Palikuwa na kulabu pia. Bwana Ndoo alifundisha kwamba moto huruka paa hadi paa, hivyo lazima wawepo watu wenye miti mirefu ya kulabu wavute makuti chini, moto ukose njia. Hakuna Mzaramo aliyekubali kushika. Kumwezulia jirani paa, hata kwa kugusa, ni kutangaza uadui. Basi kulabu nazo wakapewa Wanyamwezi wenzake Kasiani wa bandarini. Jumbe akawaagiza: "Mguse tu. Kwa mfano." Wakasema wamesikia.

Siku ikafika. Bwana Ndoo alikuja na ndoo yake, kofia yake nyeupe ya jua, na karani wa kumtafsiria, kijana wa kwetu Bukoba, Adelard. Bwana akasema kwa Kiswahili chake kwamba mfano utaanza mbiu ikilia, na haukwishi mpaka yeye mwenyewe aseme kwisha. Adelard akarudia ili wote tuelewe. Kisha mbiu ikalia.

Nitasema haki: watu walitoka. Waliotoka mbio kwa mbiu ya uongo ni wale wale waliobisha kuliko wote. Madebe yakapita mkono kwa mkono kutoka kisimani, mkewe Jumbe ndiye aliyesimama mbele akiwakemea wazembe. Maji yakamwagwa ukutani kwangu mpaka udongo ukaanza kulia. Bwana Ndoo alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha. Vijana wakaingia chumbani kumtoa maiti.

Wakatoka bila maiti.

"Amekataa," wakamwambia Jumbe.

Jumbe akaingia, nikamfuata, Bwana Ndoo na Adelard nyuma yetu. Kasiani kalala chali kitandani, mikono kifuani, macho kafumba, kajifunga shuka langu kama sanda. Shuka la wageni!

"Kasiani, toka," Jumbe akanong'ona. "Moto huo."

Kasiani akafungua jicho moja. "Maiti wa mtani hatoki bure. Nataka jogoo."

"Nyumba inaungua!"

"Basi jogoo aje upesi."

Bwana Ndoo akamuuliza karani wake jambo kwa Kiingereza. Adelard akatujulisha baadaye: aliuliza, mbona maiti anasema? Na Adelard, masikini, akamjibu kwamba anadai haki yake.

Jogoo akaletwa. Kasiani akamshika miguu, akajilaza tena, akasema sasa nataka viatu vya Jumbe. Jumbe akavua. Nje watu wanapokezana madebe, wanamwagia moto usiokuwepo, na ndani maiti anachagua. Kisha Kasiani akanyoosha mkono mrefu ule, akamvua Bwana Ndoo kofia ya jua kichwani, taratibu kabisa, akaiweka juu ya tumbo pamoja na jogoo.

Mungu wangu. Mzungu akawa mwekundu kuanzia shingoni. Akarukia miguu ya Kasiani, akaanza kumburura mwenyewe, akimpigia Jumbe kelele asaidie: "Vuta! Vuta!"

Sasa nje, Wanyamwezi wamesimama na kulabu zao zimegusa paa langu, wanangoja. Wakasikia sauti ya Mzungu mwenyewe, kutoka ndani ya nyumba inayoungua, inaamuru vuta.

Wakavuta.

Hao ni watu wanaobeba magunia ya katani kutwa. Fito zikakatika kwa mkupuo mmoja, paa likatuangukia, masizi, mijusi, viota vya panya, na maji ya madebe juu yake. Nilijikuta nimekaa chini, kichwani nina kuti, mbele yangu namwona Bwana Ndoo anafukuka kutoka kwenye lundo, uso mweusi tititi, meno tu ndiyo meupe. Anacheka! Akampa mkono Jumbe, akautikisa kana kwamba ni pampu. Alisema, kwa mdomo wa Adelard, kwamba mitaa yote aliyopita watu wamegusa paa tu, wamecheza. Hapa peke yake wameezua kweli. Mtaa wa Jumbe Kondo umefaulu kuliko yote. Makuti yabaki. Akachukua ndoo yake akaenda kwenye gari, kichwa wazi, juani, na furaha tele.

Watu wakapiga vigelegele. Walikumbatiana njiani. Nyumba zote za safu yetu zimepona.

Isipokuwa yangu.

Adelard alibaki nyuma. Akaniinamia kwa heshima, "Shikamoo, mama," akasema. "Sheria inasema makuti ya zamani yaachwe. Lakini paa jipya lazima liwe bati."

"Hata kama la zamani mmelivuta nyie?"

"Hata hivyo, mama." Hakuweza kunitazama.

Niliokota kuti moja, likakatika mkononi. Yote yalikuwa yamevunjika, yamelowa, matope matupu. Nikalia. Nasema wazi, nililia kwa sauti, mbele za watu, na vigelegele vikaisha kimoja kimoja.

Jumbe akanijia pekupeku. "Bibi Genoveva, usihuzunike. Ni utani tu."

Ala! Hapo machozi yalikauka. "Utani na nani?" nikamwuliza. "Mie Mhaya! Pwani nzima hii mie sina mtani. Wewe mtani wako kakutwalia jogoo, mie kaniezulia nyumba! Nyie mmekatazwa kukasirika, mie nani kanikataza? Haki yangu ya kukasirika ninayo nzima, sijaitumia tangu nifike Temeke, na leo naitumia yote!" Na nikaitumia. Nilianza na Jumbe, nikaenda kwa Sadallah na chumba chake cha mpangaji, nikapita kila mlango. Waliinamisha vichwa, nami nikaishiwa maneno, nikabaki nimesimama katikati ya kuta zangu, juu ni mbingu.

Kasiani alikuwa bado amekaa kwenye lundo, shuka langu mabegani, kofia ya Mzungu kichwani. Sijapata kumwona hana mzaha usoni isipokuwa siku ile. Akamgeukia Adelard.

"Karani. Bwana alisema kwisha?"

Adelard akafikiri. "Hakusema."

"Kwa hiyo mie bado maiti."

"Kwa... kwa mfano, ndiyo. Bado."

"Na msiba haujaisha."

Mzee Sadallah ndiye aliyeelewa wa kwanza. Nilimwona anafunga macho, anasema polepole, "Inna lillahi. Mapaa yetu."

Kasiani alisimama, sanda inaburuta, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Jumbe, akapanda juu. "Maiti anadai kuti!" akapaza sauti. Jumbe akamfuata nyuma mbio. Atasema nini? Mtani yuko msibani. Kuti likang'olewa. Akahamia kwa Sadallah, akahamia kwa jirani yake. Akina mama walitaka kumpa makuti mapya waliyoweka akiba, akayakataa. "Jipya ni kosa la Serikali! Nataka lililokula moshi!" Mkewe Jumbe alimtokea na mchi. Kasiani akainama akampa kichwa: "Piga, mama, nife mara ya pili, utaona madai yake." Akaushusha mchi. Wenzake wa kulabu wakamfuata nyuma wakipokea, na kila nyumba ikaachiwa tundu lake.

Nilidhani Wazaramo watajifungia ndani wakinuna. Kumbe waliotwaliwa makuti ndio walioleta kamba. Sadallah mwenyewe, na umri ule, alikaa chini ya ukuta wangu akikata fito, akinung'unika kwamba adhabu ya kaburi aijua maiti, lakini adhabu ya maiti huyu inajulikana na mtaa mzima. Jua lilipokuwa linashuka, nyumba yangu ilikuwa na paa.

Nikamwita Adelard. "Haya, mwanangu. Hili ni paa jipya?"

Akapanda ukutani, akanusa. Lilinuka samaki wa watu wote wa safu ile. Akashuka akijifuta mikono. "Ni la zamani, mama," akasema. "Ni la zamani kuliko nyumba."

Kasiani aliishi kwangu miaka mingi baada ya hapo. Bwana Ndoo hakurudi kusema kwisha, basi jina la Marehemu likamganda, na madai hayakukoma. Alioa kwa jina hilo. Padri alipomwuliza bibi harusi kama anamkubali Kasiani, shangazi mtu aliuliza kwa sauti, "Kasiani ndiye nani?"

Lakini mie nakumbuka zaidi masika ya mwaka uleule. Mvua ya kwanza ilipiga, na paa langu, mseto wa nyumba zote, likaanza kuvuja, huku kidogo, kule kidogo. Kila tone nilimjua mwenyewe. Kuti la Jumbe ndilo lililokuwa bovu kuliko yote, na lilikaa juu ya kitanda changu. Nikaamka nimelowa, nikafungua dirisha.

"Jumbe Kondo!" nikapiga kelele. "Kuti lako linanikojolea!"

Miaka yote ile, watu wa Temeke walikuwa wananiamkia kwa adabu, Bibi Genoveva, hujambo, wananipisha njia kama mgeni wa jana. Kisha dirisha la Jumbe likafunguka.

"Na tundu lako linanikojolea mie!" Jumbe akajibu. "Mhaya mwizi wa mapaa!"

Nikasikia safu nzima inacheka gizani, kila mtu na tundu lake. Nikasogeza kitanda, nikatega sufuria chini ya kuti la Jumbe, nikakaa nikitafuta tusi la kumrudishia.